Shamba liko wapi?

Mama mkwe wangu ni Mgogo wa Chamwino, Dodoma. Mara ya kwanza alipofika kwetu Kibosho, mlimani Kilimanjaro, Neema wetu akiwa bado ananyonya, alikunywa mtori, akapumzika, halafu akaomba aonyeshwe shamba. Baba akainuka kwa furaha. Akampitisha nyuma ya zizi, wakavuka mfongo, yaani mfereji wetu wa maji, wakazunguka kwenye migomba mpaka kwenye masale ya mpakani, wakarudi. Walipokaa, mama mkwe akanivuta pembeni akaninong'oneza: "Mama Neema, mzee ametuzungusha porini. Shamba liko wapi?"

Sikumlaumu. Mtu aliyelima Ugogo maisha yake yote anajua shamba ni mahali unaposimama upande huu ukaona mwisho wake upande ule. Kwetu hata nyumba ya jirani huioni, unasikia jogoo wake tu.

Swali lake limenirudia mwezi uliopita, baada ya vijana wawili wenye vishikwambi kupita kijijini wakikusanya takwimu za kilimo. Mama alinisimulia kwenye simu huku akicheka. Walimuuliza mazao yake makuu matatu. Akaanza: ndizi, kahawa, magimbi, maharage, viazi vikuu, maparachichi... Kijana akamkatisha, "Mama, matatu tu." Wakaja kwenye ekari. Kihamba chote, yaani shamba letu linalozunguka nyumba, hakifiki ekari mbili. Ndizi zinachukua eneo gani? Lote. Kahawa je? Lote. Magimbi? Kandokando ya mfongo, lakini mfongo nao unapita migombani. Mwishowe kijana aliandika alichoona kinafaa, akashukuru, akaenda kwa jirani.

Nimefundisha jiografia Mbinga, mkoani Ruvuma, nimeolewa Chamwino, nimezaliwa Kibosho. Kila ninapokwenda kwenye semina nasikia wimbo mmoja: wakulima wahimizwe kulima mazao mchanganyiko. Mimi sijawahi kukutana na mkulima mdogo ambaye hachanganyi. Nimekutana na wanaochanganya kwa namna ambazo dodoso haliwezi kuzisoma.

Anza na kihamba. Ukiingia, tazama juu kwanza. Kuna miringaringa na miruka, miti mirefu ya kivuli chepesi. Majani yake yakidondoka ni mbolea, na siku ya kujenga ni mbao. Chini yake migomba: mshare wa mtori, ndishi wa pombe ya mbege, kisukari wa watoto. Chini ya migomba kuna mibuni. Chini ya mibuni kuna maharage pale jua linapopenya, mboga, na majani ya ng'ombe. Viazi vikuu vinapanda juu ya miti vikitafuta mwanga. Ng'ombe hatoki zizini. Anafuatwa huko huko na mapande ya migomba, majani na mabua, na samadi yake inarudi migombani kwa karai. Nyuma ya jiko la mama, sehemu ambayo ukitandika majamvi mawili imejaa, pana shina la mshare lenye watoto watatu, mibuni miwili, magimbi, mchaichai, na mringaringa uliopandwa na babu. Huo mringaringa una mzinga wa nyuki. Sasa hapo ekari ya asali ni ipi?

Watu wakieleza kihamba kwa wageni hupenda kutaja hekima ya wazee. Hekima ipo, ila sababu kubwa ni kwamba ardhi haipo. Miteremko ya kusini ya Kilimanjaro imejaa watu kwa muda mrefu. Kwa mila zetu kitinda mimba hubaki na nyumba ya wazazi, wakubwa hutafutiwa kwao, na kihamba kinakatwa kila kizazi. Ukishindwa kwenda kushoto wala kulia, unapanda juu. Mahindi hayapendi kivuli, kwa hiyo yanalimwa tambarare, chini kabisa ya mlima, mwendo wa kuchosha. Na wanawake hawarudi mikono mitupu, wanapandisha mabua ya ng'ombe kichwani au, siku hizi, kwenye bodaboda.

Mchanganyiko huo uliwaokoa watu bei ya kahawa ilipoporomoka. Kahawa ndiyo iliyojenga shule zetu na KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilichoanzishwa mwaka 1933, na kwa muda mrefu ilikuwa zao la wanaume: baba anauza kahawa, mama anauza ndizi. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mgao wa mauzo ya kahawa ulipovunjika, bei ikashuka vibaya. Angekuwa na kahawa tupu, mtu angehama. Lakini ndizi zilikuwepo pale pale, na ng'ombe yupo. Baba yangu mdogo aliiacha mibuni yake ikonde, akaongeza migomba na maziwa, watoto wakaendelea na shule. Ada ililipwa kwa ndizi za mama mdogo, jambo ambalo hakusifiwa nalo vya kutosha.

Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua mfumo wa vihamba wa Shimbwe Juu, si mbali na kwetu, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wenye umuhimu duniani. Nilifurahi. Ila kihamba kilichokatwa mara nne hakibaki kihamba. Mmoja wa binamu zangu ameangusha miti yote ya kivuli kwenye kipande chake, amejenga nyumba nzuri ya bati jekundu, na kwenye kilichobaki analima nyanya zinazopigwa dawa kila wiki. Nikimhubiria habari za urithi wa dunia ananiuliza kama urithi unalipa bima ya afya. Sina la kumjibu, naishia kununua nyanya zake.

Mbinga ndiko kituo changu cha kwanza cha kazi kilikokuwa. Nilifika nikijiona mtoto wa mlimani, nikakuta watu wanalima mahali ambapo mimi ningeogopa kusimama. Wamatengo wanasimulia kwamba babu zao walibanwa kwenye vilima vile na mashambulizi ya Wangoni katikati ya karne ya 19. Ukibanwa na vita kwenye mteremko, na mvua ya kule inazidi milimita elfu moja kwa mwaka, udongo utateremka wote mtoni usipoushika. Wao waliushika kwa ngoro.

Mama mwenye nyumba wangu alikuwa na shamba lililotazamana na dirisha langu, ng'ambo ya bonde, na Machi ile niliona kazi yote tangu mwanzo. Kwanza wanaume walifyeka majani marefu kwa nyengo wakayaacha yanyauke. Kisha wakayapanga kwa mistari, ya kushuka na ya kukingama, mpaka mteremko mzima ukawa miraba, kila mraba kama mita mbili au pungufu kidogo kila upande. Hapo wanawake wakaingia na majembe. Jumamosi moja nikaenda kusaidia. Unasimama ndani ya mraba, unachimba udongo wa katikati na kuutupa juu ya majani pande zote nne. Mbegu za maharage zinamwagwa juu ya lile tuta jembamba, unachimba tena, unazifunika. Ukimaliza, katikati pana shimo na pembeni kuna kingo zenye majani yanayooza ndani kwa ndani. Unahamia mraba unaofuata. Mama yule alifanya miraba mitano wakati mimi nahangaika na mmoja, na wangu akaurekebisha bila kusema neno. Jioni nilipotazama kutoka dirishani, mlima ulikuwa kama trei za mayai zilizoegemezwa ukutani.

Mvua kubwa ikipiga, maji hayateremki. Kila shimo linakamata ya kwake, yanazama taratibu, na udongo uliochukuliwa na maji unaishia shimoni, hatua moja kutoka ulipotoka. Maharage yakivunwa, katikati ya mwaka, mabaki na magugu yanatupwa mashimoni. Novemba au Desemba wanapanda mahindi kwenye kingo zile zile, na wakati wa palizi wanazoa matope ya shimoni kuyarudisha juu. Mahindi yakitoka shamba linapumzika hadi Machi, mzunguko unaanza upya. Maharage mwaka huu, mahindi mwakani, na kahawa yao ipo jirani na nyumba.

Kuna jambo moja kuhusu ngoro ambalo watu huliruka. Wamatengo waliohamia kwenye tambarare za mashariki, ambako ardhi ni bwerere na miombo ilikuwa bado mizito, hawakuzibeba. Kule walikata miti, wakachoma, wakapiga matuta ya kawaida. Ni watu wale wale, mikono ile ile. Ngoro ni jibu la mteremko. Mteremko ukiisha, nani atachimba mashimo elfu kwa kupenda tu mila?

Serikali ya mkoloni haikulielewa hili. Kule Uluguru, Morogoro, kuanzia mwaka 1950, waliwalazimisha watu kukata matuta ya ngazi milimani chini ya mpango wa matumizi ya ardhi. Ngazi zilikuwa zimesifiwa kwingine. Lakini udongo wenye rutuba wa Uluguru ni mwembamba, na kukata ngazi kulifukia ule wa juu na kuleta juu ule wa chini usioota kitu. Mtu anafanya kazi ya punda halafu anavuna kidogo kuliko jana. Mwaka 1955 ghasia zikalipuka, mtu mmoja akauawa, na mpango ukafa. Nilikuwa nikifundisha mmomonyoko wa udongo nikifika hapo wanafunzi wa Mbinga wanashangaa: kwa nini hawakuwauliza Waluguru? Swali la kidato cha pili, na maofisa wazima hawakuliuliza.

Sasa ukweni. Chamwino mvua inanyesha msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na mwaka mzima unaweza kuambulia milimita mia tano au mia sita. Hata hizo zinakuja zinavyotaka. Inanyesha Desemba kwa fujo, inakatika wiki tatu Januari, inarudi watu wameshakata tamaa. Kibosho tulikuwa tunagombea nafasi. Mbinga wanagombana na mteremko. Ugogo adui ni zile wiki tatu.

Mama mkwe hana shamba moja. Ana vipande vilivyotawanyika: kimoja kwenye mchanga juu, kimoja kwenye udongo mwekundu karibu na nyumba, kimoja kwenye mbuga kule chini ambako udongo mweusi unashika maji. Mvua ikiwa haba, mbuga inalipa. Ikizidi, mbuga inatuama na mchanga unalipa. Karanga na njugu mawe zinakwenda mchangani, mtama mbugani, mahindi kidogo pale anapojisikia kucheza bahati nasibu, na kila mwaka anaapa hatayapanda tena. Nilipoolewa nilidhani vile vipande ni matokeo ya urithi kugawanywa ovyo kama kwetu. Wifi yangu akanicheka. Kuna kimoja wamekibadilishana na jirani kwa makusudi, ili kila nyumba iwe na mguu juu na mguu chini.

Kabla ya mvua hafanyi mbwembwe. Anaberega: anasafisha shamba, anakusanya mabua na magugu, anachoma, na ardhi haipigi jembe la kina. Mvua ya kwanza ikigusa, anatoka alfajiri na bakuli. Nimelitazama lile bakuli kwa karibu. Ndani yake mna uwele ulio mwingi, punje za mtama, kunde za rangi tatu, na mbegu bapa za matikiti na maboga. Anapiga shimo kwa jembe dogo, anachota kwa vidole vitatu, anatupia, anafukia kwa kisigino, anasogea. Hachagui. Kitakachoota kila shimo anakijua Mungu na mvua. Nikamuuliza kwa nini asipande kila kitu kwenye mstari wake, kazi ya palizi iwe rahisi. Akanijibu, "Mwanangu, mimi najua mvua ya mwaka huu? Ikiwa ya kunde, nitakula kunde." Baada ya wiki mbili anazunguka tena, penye mapengo anahamishia miche ya mtama iliyosongamana kwingine.

Kunde na maboga yanafunika ardhi mapema, mboga zinaanza kuchumwa uwele ukiwa bado magotini, na mlenda unajiotea wenyewe humo humo, hauhesabiwi na yeyote ingawa mwezi wa Februari ndio unaotushibisha.

Mtaalamu wa kilimo aliwahi kumshauri apande mtama wa Macia, mweupe, mfupi, unaokomaa mapema, na ni mbegu nzuri kweli; ilipitishwa nchini mwaka 1999 na wanunuzi wanaipenda. Mama mkwe hakukataa. Alitenga kipande cha udongo mwekundu, akapanda kwa mistari kama alivyoelekezwa, akauza, akanunua bati. Lakini haupandi kila mahali, na sababu zake ni nzito kuliko watu wanavyodhani. Mabua yake ni mafupi, hayafai kwa uzio wala hayatoshi ng'ombe wakati wa kiangazi. Na mtama mweupe ni mtamu kwa kwelea kwelea. Mtama mwekundu una ukakasi, ndege wanaupitia mbali. Mweupe unahitaji mtoto kukaa juu ya dungu tangu alfajiri na manati, na watoto siku hizi wako shule. Mimi mwalimu siwezi kulalamikia hilo.

Nilipokuwa nasoma shahada ya pili nilifundishwa kipimo cha kutambua mkulima amechanganya mazao kiasi gani. Kinaitwa kipimo cha Simpson. Unachukua sehemu ya eneo inayokaliwa na kila zao, unaizidisha kwa yenyewe, unajumlisha, kisha unatoa jumla hiyo kwenye moja. Mwenye mahindi tupu anapata sifuri. Mwenye nusu mahindi nusu maharage anapata 0.5. Mwenye mazao manne yaliyogawana sawa anapata 0.75. Ni hesabu safi, na kwa mashamba yaliyopangwa vipande vipande inafanya kazi yake.

Ipeleke sasa kwa mama. Mita moja ya mraba ya kihamba ina mringaringa, mgomba, mbuni na gimbi, kila kimoja kwenye kimo chake. Ukitoa eneo lote kwa kila kimoja, sehemu zinazidi moja na hesabu inavunjika. Ukiligawa, unagawa kwa kukisia, kama yule kijana wa kishikwambi. Ipeleke Mbinga mwezi wa Mei: utakuta shamba la ngoro lina maharage tupu, sifuri. Rudi Mei ya mwaka unaofuata, mahindi tupu, sifuri tena. Wakati mzunguko ule ndio uliolilisha shamba. Ipeleke Chamwino, uliza bakuli lile lina ekari ngapi. Majedwali yakitoka, mkoa mmoja unaonekana umechanganya sana na mwingine kidogo, na mtu wa ofisini anaamua wapi pa kupeleka semina.

Sisemi takwimu zifutwe. Nasema dodoso liulize mwezi, liulize mteremko na udongo, na lisimfunge mtu kwenye mazao matatu. Na liulize nani ananunua, kwa sababu kuchanganya shambani peke yake hakukulindi sokoni. Rafiki yangu wa chuo analima Babati, mahindi na mbaazi shamba moja. Mchanganyiko huo ni mzuri mno: mbaazi inakua polepole, mahindi yanavunwa, yenyewe ndiyo kwanza inachanua, majani yake yanarutubisha, miti yake ni kuni. Lakini mbaazi yetu kwa sehemu kubwa ilikuwa ikisubiri India. Agosti 2017 India ikaweka ukomo wa kuingiza mbaazi, na bei hapa ikaanguka hadi watu wengine wakaona gharama ya kuvuna inazidi mauzo. Rafiki yangu aliziacha nyingine zikaukie shambani. Kwa kipimo chochote alikuwa mkulima aliyechanganya vizuri.

Mwanafunzi wangu mmoja wa Mbinga sasa ni baba wa familia na hupiga simu tukataniana. Alinieleza kwamba vibarua wa ngoro wamekuwa ghali, vijana wanakimbilia mjini na mke wake amegoma kuchimba peke yake, na mimi nikamwambia shemeji yangu huyo ana haki. Kwa hiyo shamba lao lenye mteremko wa wastani amelitia matuta ya kawaida, anapanda mahindi kila mwaka na kununua mbolea kwa pesa ya kahawa. Upande wenye mteremko mkali ameuacha kwenye ngoro, na huko wanachimba wote wawili. Kule, anasema, tuta la kawaida halimalizi Januari.